Tripodi au lenzi ya f/1.8: picha za usiku uanze na ipi?

Umenunua kamera ya kwanza, imekuja na lenzi yake ya 18-55mm (mm ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta karibu), na hela iliyobaki inatosha kitu kimoja tu.

Kwa bei, tripodi (stendi ya miguu mitatu) ya kawaida huwa nafuu kuliko lenzi mpya ya 50mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi hufunguka zaidi na mwanga huingia zaidi). Ila ile nyepesi ya plastiki, kusi ikivuma pale Shangani ya Mtwara, hutikisika kama mnazi. Ning'iniza begi katikati, piga kwa taima ya sekunde 2.

Kwa nyota, tripodi haina mpinzani. Nenda ufukwe wa Msimbati usiku usio na mwezi: 18mm, f/3.5, sekunde 20, ISO 3200 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), fokasi ya mkono (unailenga mwenyewe, si kamera). Lenzi yoyote uishikilie mkononi kwa sekunde hizo, utaambulia ukungu.

Lakini watu na vyombo havisubiri. Ngalawa zikiyumba kwenye ghuba ya Mikindani, au muuza pweza akigeuza mishikaki chini ya taa, tripodi haikusaidii. f/1.8 huingiza mwanga takribani mara 4 ya f/3.5, hivyo shata (mlango wa mwanga ndani ya kamera) inakimbia. (Muuza pweza wangu alishafunga meza nikiwa bado nahangaika na miguu mitatu.) Kasoro yake: 50mm hubana, kwenye vichochoro utarudi nyuma hadi ugonge ukuta.

Matunzo? Tripodi suuza kwa maji yasiyo na chumvi; lenzi usiibadilishe ufukweni.

Anayetaka anga aanze na tripodi. Anayeitwa kwenye harusi za usiku Lindi mjini, achukue lenzi.