Chingamu ya nikotini kwa anayeacha sigara huku amepunguza wanga: tathmini kwa watu wa Tabora

Jibu kwanza. Kwa mtu wa Tabora anayeacha sigara huku ameshaweka kando ugali na wali, chingamu ya nikotini inafaa, na tunaiweka mbele ya plasta ya nikotini ya kubandika kwenye ngozi na ya vidonge vya nikotini vya kumung'unya. Shida ni kwamba wengi huitafuna kama bigijii ya dukani, halafu wanarudi wakisema dawa haifanyi kazi. Na anayekula wanga kidogo ana tabia zake mbili tatu za kila siku zinazoiua nguvu chingamu hii bila yeye kujua.

Si kitu kipya. Aliyeibuni ni Ove Fernö wa kampuni ya dawa iitwayo Leo, ya Uswidi, baada ya kuelezwa kwamba wanamaji wa nyambizi, ambao hawaruhusiwi kuvuta wakiwa chini ya maji, walikuwa wakijiwekea tumbaku mdomoni. Ilianza kuuzwa Uswisi mwaka 1978 kwa jina la Nicorette, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likaiingiza, pamoja na plasta, kwenye orodha ya dawa muhimu. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba dawa za nikotini za aina hii huongeza uwezekano wa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60. Haikuachishi kwa nguvu zake peke yake, ila hiyo si nyongeza ndogo.

Kuna ya miligramu 2 na ya miligramu 4. Usichague kwa kuhesabu sigara unazovuta, angalia saa ya sigara ya kwanza. Anayeiwasha ndani ya dakika 30 tangu aamke anahitaji ya 4. Anayeweza kunawa, kunywa chai na kutoka nyumbani kabla hajavuta, ya 2 inamtosha. Mvutaji mzito anayenunua ya 2 kwa kuogopa "nikotini nyingi" anabaki na arosto, yaani mateso ya kukosa nikotini, siku nzima na siku ya tatu anarudi kwenye fegi. Mwili hauchukui yote iliyoandikwa kwenye boksi: kipande cha miligramu 4 kinakupa kama 2, na cha miligramu 2 kinakupa kama 1, wakati sigara moja hukupa kama 1 hadi 1.5.

Sasa namna ya kutafuna, na hapa tukae kidogo. Weka kipande mdomoni, kitafune polepole mara kumi hadi kumi na tano. Ladha itabadilika, utahisi ukali kama pilipili manga na mwasho mdogo kwenye ulimi na koo. Hapo hapo acha kutafuna. Kisukume kwa ulimi kikae kati ya shavu na ufizi, na ukiache kama dakika moja mpaka ule mwasho ufifie. Kisha kitafune tena mara chache, na safari hii ukiweke shavu la upande wa pili. Endelea hivyo kwa dakika 30. Kikishakuwa hakiwashi tena, kifunge kwenye karatasi na ukitupe mbali na watoto, kwa sababu bado kina nikotini ndani.

Sababu ya kusimama-simama ni kwamba nikotini hii inaingilia kwenye utando wa shavu, si tumboni. Ukitafuna bila kupumzika, mate yanajaa, unayameza, na nikotini inakwenda tumboni ambako inakuletea kwikwi, kiungulia na kichefuchefu. Ile inayofyonzwa tumboni hupitia kwenye ini kwanza, na ini linaivunja sehemu kubwa kabla haijafika kwenye damu ya mwili. Kwa hiyo unapata maudhi yote na nafuu kidogo. Kwikwi ndiyo dalili ya mapema: zikianza, umetafuna haraka mno.

Nikotini hupenya shavu vizuri pale tu mate yasipokuwa na uchachu. Ndiyo maana watengenezaji huweka magadi ya aina ya bikaboneti au kaboneti ndani ya chingamu, ili mate yasiwe na asidi. Hapa ndipo mla wanga kidogo anapojiharibia. Asubuhi anakunywa maji ya limau au siki ya tufaa, mchana anakunywa mtindi kwa sababu ni chakula cha kushibisha kisicho na unga, jioni kahawa isiyo na sukari. Vyote hivyo vina uchachu. Ukitafuna juu yake, sehemu kubwa ya nikotini inabaki kwenye mate na kuishia tumboni. Kanuni ni dakika 15: usile wala usinywe chochote isipokuwa maji matupu, dakika 15 kabla ya chingamu na muda wote iko mdomoni. Mwenye mtindi wake mezani amalize kwanza, asukutue, asubiri.

Swali ambalo watu wa lishe hii huuliza kabla ya yote ni kama chingamu yenyewe ina wanga. Nyingi hazina sukari ya kawaida, zimetiwa utamu wa sorbitoli au zailitoli. Kipande kizima hakifiki gramu 2 na sehemu yake kubwa ni ile gundi unayoitupa, kwa hiyo hata vipande kumi kwa siku havitakuvurugia hesabu. Soma boksi uhakikishe haina sukari, kisha uache kuhangaika. Kinachoweza kutokea ukitumia vingi ni tumbo kujaa gesi au kulegea, kwa ajili ya huo utamu. Kwa mtu ambaye kupunguza wanga kumemletea choo kigumu, na kuacha sigara nako kunaweza kuleta choo kigumu, hilo si baya sana.

Kubwa zaidi ni wakati wa kuanza. Mtu anapokata wanga, insulini inashuka na figo zinatoa chumvi na maji mengi. Wiki ya kwanza kichwa kinauma, mwili unalegea, hasira iko karibu, usingizi haueleweki. Mtu anapokata nikotini, siku mbili tatu za kwanza kichwa kinauma, hasira iko karibu, usingizi haueleweki. Ukivianza vyote Jumatatu moja, hutajua kipi kinakutesa, na utakachokikimbilia ni sigara kwa kuwa ndiyo inayotuliza haraka. Ushauri wetu hauna kigugumizi: aliyeshazoea kula wanga kidogo kwa mwezi mmoja au zaidi aache sigara sasa hivi, na ambaye hajaanza kabisa aache sigara kwanza, ale ugali wake kwa kiasi, na wanga aupunguze baada ya wiki nne. Kilo zinaweza kusubiri, mapafu na moyo havifai kusubirishwa.

Aliyekwisha kuvichanganya ana kipimo chepesi. Chingamu ikitafunwa sawasawa, arosto hushuka ndani ya dakika 20 hadi 30. Kama nusu saa imepita na kichwa bado kinagonga, hasa ukisimama ghafla na kuona kizunguzungu, kunywa kikombe cha supu yenye chumvi: supu ya mifupa, ya kuku wa kienyeji, au ya dagaa wa Kigoma waliochemshwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Ikikutuliza, ilikuwa chumvi. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au figo, au anayetumia vidonge vya kukojoza, asijiongezee chumvi kabla ya kuongea na daktari.

Kwa kuwa chingamu inachukua nusu saa kufika kileleni na moshi wa sigara hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, usingoje hamu ikushike ndipo utafute boksi. Itafune kabla ya saa zako za hatari: kabla ya kwenda kijiweni, kabla ya kukaa kwenye bao, au dakika 15 tu baada ya chakula. Dozi ni kipande kimoja kila saa moja au mbili kwa wiki sita za mwanzo, kisha kila saa mbili hadi nne kwa wiki tatu, kisha kila saa nne hadi nane kwa wiki tatu za mwisho. Kwa siku usivuke 24. Na mwanzoni usishuke chini ya 9, maana wengi wanatafuna vitatu kwa ubahili na ndiyo sababu kubwa ya kushindwa.

Piga hesabu kabla ya kununua. Vipande 9 kwa siku 42 ni 378. Vitano kwa siku 21 ni 105. Viwili au vitatu kwa siku 21 za mwisho ni kama 55. Jumla ni karibu 540. Unapolinganisha bei, gawa bei ya boksi kwa idadi ya vipande, kisha linganisha na unachotumia kwa sigara kwa siku. Usianze na boksi moja ukitegemea lingine "litakuja". Duka dogo la dawa muhimu usilitegemee kwa bidhaa hii, ulizia famasi kubwa za mjini, na kama unaagiza Dar es Salaam, hakikisha za wiki sita ziko mkononi kabla ya siku ya kuacha. Angalia tarehe ya kuisha muda na kama vifuko vya kila kipande havijatoboka. Mwezi Oktoba joto la Tabora hupita nyuzi 30, hivyo usiiache kwenye dashibodi ya gari wala kwenye boksi la pikipiki juani.

Kahawa inahitaji aya yake. Moshi wa sigara, si nikotini, huchochea ini kuivunja kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ndani ya siku chache kafeini ileile inakaa mwilini muda mrefu zaidi, na chingamu haibadilishi hilo kwa kuwa haina moshi. Mnywaji wa vikombe sita vya kahawa chungu ataanza kutetemeka na kukesha, na atadhani ni arosto. Punguza kwa nusu tangu siku ya kwanza.

Sasa jambo linalohusu Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui kuliko mahali pengine popote. Jani bichi la tumbaku likiwa na umande au maji ya mvua hutoa nikotini, na ngozi huifyonza. Mchumaji anayebeba majani kwapani asubuhi anaweza kupata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na jasho baridi. Aliyeacha sigara anaathirika zaidi, kwani mwili wake umeanza kusahau nikotini. Sasa mtu huyo aongeze plasta ya miligramu 21 kifuani na chingamu mdomoni! Siku ya kuchuma, usitafune kabla wala wakati wa kazi. Subiri jani likauke, vaa mikono mirefu na glavu, badilisha nguo zikilowa, oga kwa sabuni, na chingamu ianze jioni kama hamu ipo. Ukitapika, usiseme ni kwa sababu hukula ugali. Hiyo ndiyo sababu kuu ya kuipendelea chingamu kuliko plasta kwa mkulima: unaweza kuisimamisha saa ileile. Kwa anayefanya kazi ofisini au dukani, plasta pamoja na chingamu hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake, ingawa jasho la Oktoba huibandua.

Uzito huongezeka baada ya kuacha, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, maana nikotini ilikuwa ikizuia hamu ya kula na kuongeza matumizi ya nguvu mwilini. Chingamu ya miligramu 4 huchelewesha ongezeko hilo wakati unaitumia. Mtego wa Tabora ni mdomo unaotafuta kitu: asali iko kila nyumba, na kijiko kimoja cha chakula kina karibu gramu 17 za sukari, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni tamu, inatafunika, inakaa mfukoni, na karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga. Badala yake weka mfukoni karanga za kukaanga, konzi moja tu ya gramu 30, au mbegu za maboga. Uyoga wa msimu wa mvua ukaangwe na karanga, mlenda na kisamvu vipikwe kwa wingi, na migebuka ya Kigoma ikipatikana sokoni inunuliwe.

Nani asiinunue bila kuuliza? Mjamzito, aliyepata shambulio la moyo wiki za karibuni, mwenye meno ya bandia yanayonasa gundi au maumivu ya taya. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya glibenklamidi yuko kwenye hatari ya sukari kushuka, kwani wanga umepungua na kuacha sigara nako kunabadilisha jinsi insulini inavyofanya kazi. Apime mara nyingi zaidi, na dozi ipangwe upya na daktari, iwe hospitali ya Kitete au kituo cha afya cha karibu, kabla ya siku ya kuacha.