Fundi wa mashati ya shule, Soko la Kibuye, Kisumu

Wazazi wenzangu mnaotafuta wa kuwashonea watoto sare, nendeni Kibuye, safu ya vyerehani, mkamuulize mzee wa mashati. Naeleza kwa urefu kwa sababu bei yake inafukuza watu.

Shati la mikono mifupi ni shilingi 650, pamoja na kitambaa, anakinunua mwenyewe. Hatua chache kutoka hapo, shati jeupe la mtumba unalichomoa kwenye lundo kwa 100. Madukani mjini, lililoshonwa ng'ambo ni 450. Basi wengi wanampita, na nimesikia mteja akimwita mwizi mchana kweupe. Iliniuma sana.

Siku moja nilimkuta akikagua jora aliloambiwa ni pamba tupu. Alichomoa uzi mmoja, akauwasha kiberiti. Ukajikunja, ukaacha tone gumu jeusi. Ingekuwa pamba, kungebaki jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua. Kisha akakiinua kitambaa juani, akanionyesha kwa ukucha mahali ambapo nyuzi za mshindio, zile zinazopita upana wa kitambaa, zimeachana. Jora likarudishwa kwa mwenyewe. Jicho hilo alilipata KICOMI, kiwanda cha nguo cha hapa hapa Kisumu, alikokuwa mfumaji mpaka kilipofungwa miaka ya 1990, nchi ilipofungulia bidhaa za nje na marobota ya mitumba yakamiminika. Rivatex ya Eldoret nayo ilianguka mwaka 2000, ila Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua 2007 na ikafufuka. Sisi wa Kisumu hatukupata wa kutufufulia chetu.

Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba kufikia 2019. Marekani ikatishia kutunyima soko la AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, na Kenya, yenye maelfu ya washonaji wanaotegemea soko hilo kule Athi River, ikarudi nyuma. Rwanda ilikataa, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru. Simlaumu mama anayeuza mitumba Kibuye, naye ana watoto wa kulisha. Lakini mfumaji aliyepoteza kazi zamani hizo hakuna aliyemkumbuka katika mazungumzo hayo yote.

Turudi kwenye shati. Mishono ya mabega na ya ubavuni imekunjwa mara mbili, kwa hiyo ndani huoni nyuzi zinazoning'inia. Kila kifungo kimezungushiwa uzi shingoni, hakilegei kwa kuvutwa. Chini ameacha pindo la vidole viwili, la kushushwa mtoto akirefuka. La kijana wangu la mwaka jana sasa linavaliwa na mdogo wake, kola bado imesimama. Lile la dukani liliachia kwapani kabla muhula haujaisha.

Nilimuuliza mbona hapandishi bei. Akajibu, "Mama, nikipandisha hata wewe hutarudi." Ukitoa kitambaa, uzi, vifungo, kodi ya kibanda na ada ya soko, anabaki na kama 200 kwa shati linalomkalisha cherehanini nusu siku. Mtu mwenye ujuzi wa kiwanda kizima mikononi! Tangu aniambie hivyo sijapatana naye bei tena.

Kasoro zipo. Suruali zake sizipendekezi, mifuko ni mifupi mno. Januari huchelewa, maana yuko peke yake na kazi inamlemea. Peleka vipimo Novemba. Jumapili usiende, umati wa mitumba huziba njia na hamtasikilizana. Anapokea M-Pesa, huchukua nusu kwanza, na kola ikikubana anairekebisha bila malipo. Mwambie akuongezee kifungo cha akiba. Hukishonea ndani ya pindo.