Flashi ya GB 128 iliyopoteza sauti ya baba

Video zilikuwa 11. Baba anasimulia utoto wake Bagamoyo, tumekaa barazani jioni baada ya jioni, namrekodi kwa simu. Simu ikajaa mpaka ikawa inakataa hata picha. Kabla ya mfungo nikanunua flashi hii Kariakoo, shilingi 15,000, imeandikwa GB 128. Nikakopi zote, nikahesabu majina, yote 11 yapo. Nikafungua ya kwanza, ikacheza vizuri, baba anacheka. Ndipo nikafuta kwenye simu.

Baba alifariki baada ya Idi. Siku tulipokusanya wajukuu wamsikie, tatu zilifunguka. Nane zikagoma. Jina lipo, ukubwa wa faili upo, ukibonyeza hakuna kitu.

Nikarudi dukani. Yule kijana akaichomeka kwenye laptopu yake, akanigeuzia skrini: "Mama, si hiyo hapo, inasoma GB 119? Ya 128 kwenye kompyuta husoma hivyo. Flashi ni nzima. Hizo video umeziharibu mwenyewe." Nikamwambia, mwanangu, ni sauti ya marehemu baba yangu. Akacheka. Akacheka mbele ya wateja, akaniambia ninunue nyingine, atanipunguzia elfu mbili. Risiti hakunipa tangu mwanzo, na mimi sikudai.

Fundi wa mtaani kwetu ndiye aliyenieleza, kwa upole, Mungu ambariki. Data kwenye flashi hukaa kama chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya vyumba vidogo mno, ndiyo maana haihitaji betri. Pembeni kuna chipu nyingine inayoongea na kompyuta, na hiyo ndiyo inayotaja nafasi iliyopo. Kwenye flashi yangu chipu hiyo imechezewa iseme uongo. Aliipima kwa H2testw, programu ya bure inayojaza flashi yote kisha kusoma ilichoandika. Ilichukua saa kadhaa. Kumbukumbu halisi: GB 7 na kidogo. Zikijaa, flashi inaendelea kuitikia kwamba imepokea, kumbe inamwaga. Majina hubaki kwa sababu orodha yake huandikwa mwanzoni, kwenye sehemu iliyo ya kweli. Kwenye simu nako alijaribu kuzirudisha nilizofuta, hakupata kitu.

Nilitaka kuandika kwamba flashi zote ni takataka. Nitakuwa nimesema uongo. Ninayo ya GB 4, ya miaka mingi, imefuliwa ndani ya suruali mara mbili na picha zangu za chuo bado zinafunguka. Flashi ya kweli ni kitu kizuri. Pengine hata yule kijana aliuziwa hivyo hivyo kwa jumla, hajui anachouza.

Lakini 119 aliijua! Alijua pa kubonyeza ili anionyeshe! Hapana, sirudishi neno. Msinunue pale, na popote mtakaponunua, ijazeni yote na kuisoma yote kabla ya kufuta faili hata moja kwenye simu. Kufungua ile ya kwanza hakutoshi. Mimi nilifungua ya kwanza.

Video ya tatu inaishia pale baba anapoanza kumtaja bibi yake aliyemlea. Anakohoa, anaomba maji, anasema, "Habari za bibi nitakupa kesho." Ya kesho yake ndiyo ya nne.