Maduka ya kuchapa ya Kisumu na kitabu cha majaribio ya herufi

Maduka ya kuchapa yaliyo kando na nyuma ya Barabara ya Oginga Odinga hayakufunguliwa kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu wa grafiki. Yanaishi kwa vijitabu vya mazishi, kadi za harusi, vitabu vya risiti na tasnifu. Hata hivyo mengi yana mashine za leza za A3, na mafundi wake wana mikono myepesi ya kukunja na kukata. Kwa nakala 5 hadi 30 za kitabu ambacho herufi ndiyo picha, huna haja ya kupanda basi kwenda River Road, Nairobi. Sharti ni moja: kurasa zipangwe kwa kufuata uwezo wa mashine hizi, si kwa kufuata zinavyopendeza kwenye skrini.

Kwanza kalenda. Mazishi mengi huku huwa Jumamosi, na picha za marehemu hufika kwa WhatsApp Alhamisi na Ijumaa. Siku hizo hakuna fundi atakayekusikiliza ukimweleza kwamba aya yako imeinamishwa makusudi. Atainyoosha. Nenda Jumanne asubuhi, na kwenye oda andika kabisa kwamba herufi zilizopinduliwa, maneno yaliyokatwa na kurasa tupu ni sehemu ya kazi.

Peleka PDF yenye fonti ndani yake, ikiwa na milimita 3 za ziada kila upande utakaokatwa. Uliza itafunguliwa kwa programu gani. Wakiiingiza kwenye CorelDRAW, fonti ambayo haimo kwenye kompyuta ile hubadilishwa na mistari yote ikasogea, kwa hiyo kurasa za herufi kubwa zigeuze ziwe mchoro mapema. Maandishi madogo yaache yalivyo. Yakigeuzwa hunenepa kidogo. Dirisha la kuprinti lionyeshe asilimia 100 kamili. Chaguo la kutosheza ukurasa likiwashwa, kitabu kizima husinyaa na pambizo ulizopigia hesabu zinapotea. Kurasa mbili za A5 zikilala kwenye A4, karatasi igeuzwe kwa upande mfupi, la sivyo nyuma itatoka kichwa chini.

Rangi hutozwa kwa kila upande unaopita kwenye mashine. Nukta moja nyekundu inaweza kukugharimu sawa na ukurasa mzima mwekundu, basi zikusanye rangi kwenye karatasi chache. Weusi wa maandishi nao uwe wa tona (unga wa wino wa mashine) nyeusi peke yake. Weusi wa RGB, yaani wa rangi za skrini, unaweza kugawanywa katika rangi nne: unalipia rangi, na herufi ndogo zinapata kivuli cha buluu au chekundu pembeni. Kijivu ndicho kinachowanasa wengi. Mashine haina tona ya kijivu, inapiga vinukta, na herufi ya pointi 8 inatoka na kingo za msumeno. Ukitaka wepesi, tumia uzito mwembamba wa fonti, usipunguze weusi. Maandishi meupe ndani ya weusi yafanyie kinyume: yape uzito, kwa sababu tona hujaza matumbo ya a na e, na Kiswahili kimejaa a.

Udhaifu mkubwa ni kulinganisha mbele na nyuma. Hesabu tofauti ya milimita 1 hadi 2. Nusu ya herufi mbele na nusu nyuma, zikutane ukiinua ukurasa kwenye mwanga? Usiijenge kazi juu ya wazo hilo. Neno linalovuka mgongo lina shida yake pia. Chukua NG'AMBO kwa pointi 120, NG' kushoto na AMBO kulia: kwenye baindi ya gundi milimita 5 au zaidi za kila ukurasa humezwa, ritifaa inazama, msomaji anabaki na NGAMBO. Sogeza nusu zote mbili nje, kisha kunja nakala ya majaribio upime kwa rula.

Karatasi haina mjadala mrefu. Gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi) inaonyesha maandishi ya nyuma, jambo linaloweza kukufaa ikiwa ndilo unalotaka. Gramu 100 au 120 ni salama zaidi. Linalosahaulika ni uelekeo wa nyuzi. A4 ya kawaida aghalabu ina nyuzi za urefu, na ukiikunja kuwa A5 mkunjo unazikata nyuzi hizo: kitabu kinakataa kulala na mgongo unavimba. Dawa ni kununua A3 yenye nyuzi za urefu na kuikatisha katikati. A4 mbili utakazopata zina nyuzi sambamba na mkunjo. Huna hakika? Chana kipande, mchano unaonyooka umefuata nyuzi. Weusi mzito ukipita juu ya mkunjo hupasuka na weupe kuchungulia, hasa kwenye jalada la gramu 250, hivyo lipigwe alama ya mkunjo kabla ya kukunjwa.

Kubaindi ndiko mwanafunzi anapopoteza alama. Stepla mbili mgongoni zinafanywa vizuri mno, kwa sababu ndiyo kazi ya vijitabu vya mazishi. Lakini kurasa 64 za gramu 120 ni karatasi 16 zilizopandiana, na zile za ndani husukumwa nje karibu milimita 2, kisha gilotini inazikata. Namba ya ukurasa iliyo milimita 5 kutoka ukingoni itaonekana ikitembea. Kuliko kuomba gundi, omba mikunjo ya karatasi nne nne, yaani kurasa 16, ushone mwenyewe kwa matundu matano. Mafundi wa tasnifu mara nyingi hutoboa kando. Uimara upo, ila kitabu hakifunguki wazi. Uzi wa fundi viatu ni mnene, unanenepesha mgongo. Tafuta wa kitani uupake nta. Kwa jalada, shati la pamba la mitumba kutoka soko la Kibuye linafaa likibandikwa kwanza karatasi nyembamba kwa nyuma, vinginevyo gundi inatokeza mbele.

Kukata kuje mwisho, baada ya kushona na baada ya karatasi kulala chini ya uzito usiku mmoja, maana zinatoka kwenye mashine zimejikunja. Gilotini butu huchana karatasi za chini. Mwambie fundi aweke kadibodi chakavu chini na akate nakala mbili mbili.