Tochi ya UV (urujuanimno) yenye urefu wa wimbi wa nanomita 365 kwa noti za zamani za benki za Marekani: nyota 4

Naitumia pamoja na lenzi ya sonara inayokuza mara 10 kukagua noti za National Bank, zile zilizotolewa na benki za miji mbalimbali ya Marekani kuanzia 1863 hadi 1935. Inafaa sana, mradi usiidai kazi isiyo yake.

Karatasi ya noti hizo ni ya pamba na kitani. Ukiimulika gizani, haing'ai, hubaki hafifu tu. Karatasi ya kisasa hutoa mng'ao mweupe wenye ubuluu kwa sababu ya kemikali za kung'arisha. Mng'ao ukiwa kwenye kona au mkunjo tu, kuna uwezekano mkubwa pamezibwa kwa karatasi mpya. Ukienea noti nzima, usikimbilie kusema ni bandia, kwani huenda ilifuliwa kwa sabuni ya unga. Hapo chukua lenzi. Kwenye noti za 1929 tafuta nyuzi nyekundu na buluu zilizozama ndani ya karatasi. Nyuzi bandia za kuchapwa huonekana kama vistari bapa vya wino.

Tochi za nanomita 395 ni za bei nafuu, lakini mwanga wake wa zambarau hufunika kila kitu. Hii ina kichujio cheusi kinachozuia zambarau hiyo. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu mwanga wake ni mwembamba: noti kubwa ya kabla ya 1929, yenye karibu milimita 187 kwa 79, lazima uimulike kipande kwa kipande. Usiielekeze machoni.

Bei, hata hivyo, haitoki kwenye tochi. Inatoka kwenye jina la benki, mji, na namba ya usajili wa benki. Noti mbili za dola 5 za 1929 zinaweza kufanana kila kitu isipokuwa jina, ila moja ni ya benki kubwa ya New York na nyingine ni ya kijiji ambako zimebaki chache. Hiyo ya pili ndiyo ya kulipia. Aina ya kwanza ya noti za National Bank za 1929 ina namba ya usajili mara mbili, kwa wino mweusi. Aina ya pili ina mbili zaidi za hudhurungi. Noti ya Federal Reserve Bank (benki ya mfumo wa benki kuu ya Marekani) ya mwaka huohuo nayo ina muhuri wa hudhurungi, lakini namba hiyo haina. Kwenye noti kubwa, tarehe ni ya bamba la kuchapia, si ya siku ilipochapwa.

Tafadhali usiifue noti wala kuipiga pasi ili ipendeze: ule mwinuko wa wino unaousikia kwa kidole hulala, na bei hushuka nao.

Ile noti ya dola 1,000 ya Bank of the United States yenye namba 8894 haihitaji hata tochi. Ni nakala ya ukumbusho, na zimechapwa nyingi mno.