Programu Iliyonionyesha Mikwaju Ninayoipoteza

Kwa msimu mzima nimetumia programu ya simu inayorekodi kila mkwaju wa gofu na kuwashindanisha wachezaji kila wiki, na naipendekeza kwa moyo wote. Ubora wake umo katika hesabu ya mikwaju iliyookolewa, njia ya profesa Mark Broadie ambayo PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya gofu ya kulipwa Marekani, ilianza kuitumia mwaka 2011 kwa uchezaji wa kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo: kila mkwaju hulinganishwa na wastani wa wachezaji wengine kutoka umbali uleule. Handikapu, yaani namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji, ambayo sasa hutokana na raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, haiwezi kukueleza hayo. Niliamini udhaifu wangu ni mpigo wa kwanza, kumbe nilikuwa nikipoteza zaidi kwenye mikwaju ya kuifikia grini, ambayo mara kwa mara ilipungukiwa nguvu na kuangukia kulia. Jambo hilo lilidhihirika mashindanini, si mazoezini, kwa kuwa kwenye mashindano hakuna kurudia mpigo. Kinachoniudhi ni kuingiza umbali kwa mkono katikati ya raundi. Kazi hiyo huvunja utulivu, na mara mbili nilisahau kurekodi shimo zima.