Raspberry Pi Zero 2 W kwenye banda la vifaranga: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka, jibu ni hili: kama unatafuta kompyuta ya kukaa mbele yake na kuandika programu, Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ndogo ya bodi moja, si yako. Kama unatafuta ya kufunga ukutani, kuipa kazi moja na kwenda zako, kwa bei yake sijaona ya kuishinda. Yangu iko Kibaha kwenye banda la vifaranga la shangazi, na karibu yote nitakayosema yametoka huko, kwenye vumbi la maranda na umeme usiotabirika.

Ni kibao cha kijani cha milimita 65 kwa 30, kinaenea kiganjani na nafasi inabaki. Kilitoka Oktoba 2021 kwa dola 15, kinatengenezwa Pencoed kule Wales, na kimebeba prosesa ya viini vinne inayokwenda gigahezi 1, Wi-Fi, Bluetooth na memori ya megabaiti 512. Hizo 512 zikumbuke, maana ndizo zitakazokuamulia mambo mengi. Mtangulizi wake, Zero W ya 2017, alikuwa na kiini kimoja tu, na aliyewahi kumsubiri afungue kitu anajua kwa nini vinne ni habari njema.

Hiyo dola 15 ni bei ya kwao. Ikifika Dar imeshabeba usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Kisha kuna vikorokoro: tundu la skrini ni HDMI ndogo ambayo waya wa kawaida hauingii, tundu la USB ni la maikro, hivyo unahitaji kiunganishi cha OTG, cha kuchomekea vifaa vya USB ya kawaida, na zile pini 40 zinakuja kama matundu matupu, unachomelea mwenyewe kwa risasi. Ongeza chaja na kadi ya memori, utakuta vya pembeni vimeizidi bei bodi yenyewe. Kwenye kadi ndipo pa kufungua macho. Niliuziwa moja iliyoandikwa gigabaiti 64. Nilipoipima kwa programu ya f3, ambayo huijaza kadi yote kisha huisoma upya, data ilikuwa inapotea kabla hata ya robo. Pima kadi kabla ya kuweka chochote, hata kama boksi linang'aa.

Kuweka mfumo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, mradi usifuate maelekezo ya zamani. Nasema hivi kwa sababu mtandaoni yamejaa. Utaambiwa uingie kwa jina pi na nywila raspberry. Akaunti hiyo iliondolewa Aprili 2022. Utaambiwa uweke faili la wpa_supplicant kwenye kadi ili ipate Wi-Fi; tangu toleo la mfumo liitwalo Bookworm la Oktoba 2023, kazi hiyo imehamia kwa programu ya NetworkManager na faili lako halitaangaliwa na mtu. Utaambiwa uhariri faili la mipangilio, /boot/config.txt, siku hizi liko /boot/firmware/config.txt. Mtu anaweza kukesha akidhani bodi ni mbovu kumbe anasoma mwongozo uliochacha.

Njia inayofanya kazi ni Raspberry Pi Imager, programu ya kuandika mfumo kwenye kadi, ukiwa kwenye laptopu. Chagua Raspberry Pi OS Lite, ile isiyo na madirisha wala picha, kisha kabla ya kuandika kadi fungua mipangilio: jina la bodi, jina lako na nywila, Wi-Fi, na ruhusa ya SSH, njia ya kuingia kwenye bodi kutoka kompyuta nyingine. Bodi yangu niliiita bruda. Ukiiwasha mara ya kwanza inatanua mfumo wa mafaili na kujizima na kujiwasha yenyewe, taa ya kijani ikicheza, kwa hiyo usiwe na papara ya kuchomoa. Halafu unaiita kutoka laptopu kwa ssh na bruda.local, na uko ndani. Skrini sikuitumia kabisa, ile HDMI ndogo ningeweza kutoinunua.

Jambo moja la Wi-Fi: inasikia gigahezi 2.4 tu. Kama ruta yako au hotspoti ya simu inarusha 5 peke yake, bodi haitaona kitu na wala haitakwambia. Simu nyingi zina mahali pa kuchagua, weka 2.4 kabla hujaanza kulaumu chipu.

Sasa kazi yenyewe. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi kama 32 hadi 35, kisha unashusha kama nyuzi 3 kila wiki. Shangazi hahitaji kipimo mchana, anawatazama tu. Wakijikusanya pamoja wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi wamezidiwa. Tatizo ni usiku, balbu ikiungua au umeme ukikatika naye amelala nyumba ya pili. Nikafunga vihisi vya joto vya DS18B20, vile vilivyovikwa bomba la chuma visivyoogopa maji, na king'ora kidogo kwenye dirisha lake.

DS18B20 inanifurahisha kwa sababu ya unyoofu wake. Waya tatu: mmoja kwenye volti 3.3, mmoja kwenye pini ya ardhi (GND), wa data kwenye pini ya 7 ambayo ni GPIO4, na rezista ya kiloohmu 4.7 kati ya data na volti 3.3. Kamwe usiweke volti 5 kwenye pini za data, hazistahimili. Unaongeza mstari dtoverlay=w1-gpio kwenye config.txt, unawasha upya, na kihisi kinatokea kama folda inayoanza na 28 ndani ya /sys/bus/w1/devices. Humo kuna faili la mistari miwili tu. Wa kwanza unaishia na YES kama vipimo vimefika salama, wa pili unaishia na kitu kama t=33250, yaani nyuzi 33.25. Hakuna cha kusakinisha. Unasoma faili, unagawa kwa elfu moja, umemaliza.

Lakini kuna namba utakayokutana nayo: 85. Kihisi hiki kikipata umeme, thamani iliyomo ndani yake kabla ya kupima ni nyuzi 85 kamili, na umeme ukiyumba katikati ya kupima kinakurudishia hiyo hiyo, na YES juu yake kama shahidi. Banda la vifaranga halifiki 85 ila likiwa linaungua. Programu yangu ikiona 85000 inapuuza na kupima tena. Ikijirudia, inaandika kwamba waya umelegea, haipigi king'ora.

Kuandika programu ndipo zile megabaiti 512 zinapodai haki yake. Watu wengi tumezoea kufungua VS Code, programu ya kuandikia msimbo, na kuunganisha moja kwa moja na kompyuta ya mbali. Hapa usijaribu: inapakia seva yake ndani ya bodi, memori inajaa, kila herufi unayobonyeza inakuja kwa kusuasua mpaka SSH yenyewe inakata. Ninaandika kwenye laptopu, natuma mafaili kwa rsync, nawasha upya programu ya banda. Marekebisho madogo nafanya kwa nano, kihariri chepesi cha maandishi, nikiwa ndani ya bodi. Lugha ya Python ni nyepesi vya kutosha, maktaba yake ya Flask inatoa ukurasa ambao shangazi anaufungua kwenye simu yake kupitia ruta ya nyumbani, hifadhidata ndogo ya SQLite inatunza vipimo, na hivyo vyote kwa pamoja havijawahi kuikaba memori.

Ukikimbilia kuweka maktaba za Python kwa pip install kama zamani, mfumo utagoma na kukwambia mazingira yanasimamiwa na mwingine. Hiyo si hitilafu, ni utaratibu ulioanza na Bookworm. Tengeneza mazingira yako kwa python3 -m venv, au chukua maktaba kupitia apt, kisakinishi cha mfumo wenyewe. Kwa bodi hii napendelea apt, kwa sababu maktaba nzito inakuja imeshaandaliwa. Ukiiachia bodi ijenge yenyewe, utakunywa chai na bado haijamaliza.

Nije kwenye umeme, ambako ndiko nimetilia maanani zaidi ya kote. Raspberry Pi kubwa zina sehemu inayogundua volti ikishuka na kukuonya. Familia ya Zero haina. Chaja ikiwa dhaifu au waya ukiwa mwembamba, bodi haikwambii lolote, inajiwasha upya tu, au Wi-Fi inapotea, nawe unatafuta kosa kwenye programu isiyo na kosa. Tumia chaja ya volti 5, ampea 2.5, na waya mfupi mnene. Pawabenki nazo zina visa vyao: baadhi hujizima kwa sababu bodi inakula umeme kidogo mno zikadhani hakuna kilichochomekwa, nyingine hukatiza kwa nukta moja wakati umeme wa ukutani unapoondoka, na nukta hiyo inatosha kuizima bodi. Ijaribu kwa kuchomoa ukutani huku unatazama, kabla hujaiamini usiku.

Na kwa kuwa umeme utakatika tu, kadi ilindwe. Kwenye raspi-config, programu ya mipangilio ya bodi, kuna chaguo la Overlay File System. Ukiliwasha, mfumo hauandiki tena kwenye kadi, mabadiliko yote yanakaa kwenye memori na kufutika bodi ikizimwa. Kadi inapona. Vipimo ninavyotaka vibaki vinaandikwa kwenye flashi ya USB kupitia ile OTG.

La mwisho kwenye fungu hili ni saa. Bodi haina betri ya saa. Inachukua muda kutoka intaneti. Umeme ukirudi na bando limekwisha, inaamka ikiamini ni saa ile iliyolala, na jedwali lako linaonyesha alfajiri wakati ni adhuhuri. Kamoduli ka saa ka DS3231 na betri yake ya kitufe kanamaliza jambo hili, pamoja na mstari mmoja zaidi kwenye config.txt. Ningeshauri kila anayepima chochote akanunue siku hiyo hiyo anayonunua bodi.

Shangazi mwanzoni hakuwa mwepesi. Aliangalia ukurasa, akaangalia vifaranga, akaniambia, "Baba, hili lidude lako linasema baridi, mbona watoto wangu wametawanyika vizuri?" Alikuwa sahihi: kihisi kilining'inia karibu na mlango. Tukakishusha usawa wa mgongo wa kifaranga, pembeni ya balbu si chini yake, na tangu hapo maoni yao hayajapishana. Vumbi nalo lilihitaji boksi la plastiki lenye matundu yaliyotazama chini. Joto la bodi yenyewe halijanisumbua, kazi ni ndogo.

Je, ulihitaji kompyuta nzima kupima joto? Hapana. Kama ni joto na king'ora tu, kibao kidogo zaidi kisicho na mfumo kamili, Pico W ya dola 6 au ESP32, kinatosha, hakina kadi ya kuharibika na kinaamka mara moja. Nilichukua Zero 2 W kwa sababu ya ukurasa, kumbukumbu za vipimo, na kwa sababu nataka kuongeza kamera banda likijaa. Ukifikiria kamera, jua kwamba tundu lake ni jembamba, la pini 22. Utepe wa kamera unaoingia Pi 4 hautaingia hapa bila kubadilishwa.

Kama huna mkono wa kuchomelea, ulizia Zero 2 WH, ambayo pini zake zimeshawekwa kiwandani. Kwangu, ningeinunua tena kwa kazi hii. Shangazi ameshaomba nyingine kwa banda la kuku wa mayai, ambako anataka tu taa ziwake na kuzimika kwa saa zake. Kule nitaweka Pico W, na fedha itakayobaki iende kwenye chaja nzuri.